Hirizi Katika Kitako cha Bunduki

Matar bin Khelef hakuwa mtu wa kutulia. Mkewe, Ummukulthum, alikuwa akiapa kwamba katika miaka tisa waliyokaa Hayes, London, hajapata kumwona mumewe akimaliza kikombe cha chai kwenye kiti kimoja. Ataanzia jikoni, aendelee nayo dirishani, na kikombe kitakuja kuonekana kesho yake juu ya ngazi, chai imefanya utando. Ukimuuliza anatafuta nini dirishani, anakujibu anatazama kama mvua imekatika. Nani aliyemwambia kwamba mvua ya London hukatika? Mwenyewe alijua si mvua anayoitazama, na mkewe alijua pia, ila katika nyumba ile kulikuwa na jambo moja lisilotajwa kwa jina lake.

Jambo hilo lilikuwa Soud, mdogo wake Matar. Soud alikuwa polisi Unguja. Usiku wa mapinduzi, Januari ya mwaka sitini na nne, alikuwa zamu, na tangu usiku huo hakuna aliyemwona. Hapakuwa na maiti, wala kaburi, wala barua. Matar aliandika Mombasa, akaandika Dubai, akaandika Maskati. Majibu yalikuja ya kila namna. Huyu kamwona Dar es Salaam ana ndevu, yule kasikia kwamba ameoa huko Sur, Omani, na mwingine aliota tu, lakini naye akaona aandike kurasa tatu. Miaka kumi na moja ikapita hivyo. Mtu akiuliza habari za Soud, ukoo mzima ulikuwa na jibu moja: inshallah, Mungu atamleta.

Na Soud alikuwa na mke. Jokha alikuwa na miaka ishirini na miwili mumewe alipopotea. Sasa alikuwa na thelathini na mitatu, anakaa chumba kimoja Ilford, upande wa pili kabisa wa London, na anashona bitana za makoti katika karakana ya mama mmoja wa Kihindi aitwaye Indu, ambaye naye alizaliwa Unguja. Mke hakuwa, maana mume hayupo. Mjane naye hakuwa, maana hakuna aliyemwambia kwamba mumewe amekufa, na mwanamke asiyeambiwa hakai eda. Harusini alikaa ukutani pamoja na bibi wazee, na matangani hakujua akae upande gani. Masheikh walisema kwamba mambo ya mume aliyepotea yana njia zake, yapelekwe kwa kadhi. Jokha alikataa. Kwenda kwa kadhi, alisema, ni kumuua Soud kwa mdomo wake mwenyewe, na yeye mdomo huo hana.

Basi hiyo ndiyo mvua aliyokuwa akiitazama Matar.

Kitu kimoja tu kilikuwa kikimtuliza kidogo, nacho ni mbao. Unguja alikuwa fundi wa kuchonga milango, wale mafundi wenyewe, si hawa wa kupiga misumari na kuondoka. Alipofika London alibeba mizigo uwanja wa ndege miaka miwili, mgongo ukamuuma na roho ikamuuma zaidi. Hata siku moja, katika uchochoro nyuma ya stesheni ya Hayes, akaona kibao: anatakiwa mtu anayejua kuchonga. Akaingia, akakuta ukuta mzima bunduki, akageuka atoke. Mzee wa Kizungu aliyekuwa ndani, Lawrence, akamwekea mkononi patasi na kipande cha mti wa jozi, akamwambia amwonyeshe. Matar alichonga ua la yungiyungi kwa nusu saa. Lawrence hakusifu wala hakuuliza karatasi, alimtundikia aproni shingoni tu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Vita vikuu vilipokwisha, Waingereza walibaki na bunduki nyingi kuliko askari wa kuzishika, na nyingine zikarudi kutoka makoloni. Zikauzwa kwa masanduku, na Lawrence akawa ananunua na kuzigeuza bunduki za kuwindia. Maana bunduki ya askari ni zigo. Imevikwa mbao kutoka kitako hadi karibu na mdomo, ina mapete ya chuma, na mbele ina pua ya kuchomekea singe. Mwindaji anayepanda milima ya Scotland kufuata kulungu hana haja na hayo. Anataka kitu chepesi, kizuri, cha kuwatamanisha wenzake. Basi Lawrence alishika chuma, akakata vinundu, akapiga tupa masikio ya kulengea, akausugua mtutu na kuutia rangi upya. Matar alishika mbao. Zile za juu alizitoa zote, ya chini aliifupisha na kuichonga ncha, kisha akang'oa kitako cha zamani na kuweka kipya cha mti wa jozi, chenye mahali pa kuegemeza shavu. Pa kushikia alichonga vijialmasi vidogo vidogo ili mkono usiteleze, akamalizia kwa kupaka mafuta ya kitani, tabaka baada ya tabaka, siku nyingi.

Pua ya singe ilikuwa chuma, kwa hiyo ilikuwa kazi ya Lawrence, lakini Matar aliomba awe anaing'oa yeye. Mbao za kiaskari alizitia mwenyewe kwenye jiko la makaa, akasimama kuzitazama zikiungua. Hakuficha kwamba inampendeza. Kila bunduki aliyoivua sare ilikuwa moja pungufu ya zile zilizopita mitaani kwao Januari ile.

Ikaja Jumanne moja ya Aprili, mwaka sabini na tano. Juu ya meza palikuwa na bunduki ya mteja mmoja Mwingereza, mtu mfupi mwenye masharubu, aliyetaka ikamilike mwisho wa Agosti aende nayo kuwinda. Kitako cha bunduki hizi kimeshikwa na parafujo ndefu iliyomo ndani yake. Ili kuifikia unafungua kimlango cha shaba kilichoko nyuma na kupitisha bisibisi ndefu. Katika tundu hilo ndimo askari alimoweka kikopo cha mafuta na kamba ya kusafishia mtutu. Kwa kawaida Matar alikuta kutu na buibui. Siku hiyo bisibisi ikagota kwenye kitu laini.

Akakichokoa kwa waya. Kikatoka kifuko cha kaniki, ukubwa wa kidole gumba, kimeshonwa pande zote na kulowa mafuta. Lawrence angekiona ni kitambaa kichafu. Matar alikijua kabla hakijatoka chote. Ilikuwa hirizi.

Akashika jiliwa, kile chuma cha kubania mbao mezani. Idd ya mwaka sitini na tatu, ya mwisho kula pamoja, Soud alimweleza huku akicheka kwamba sajini wao hataki kuona hirizi mkononi mwa askari, basi yeye ameitia kwenye kitako cha bunduki. "Mama kanipa inilinde," alisema, "na mie kutwa nimeshika bunduki, nitaiweka wapi pengine?" Mama yao alikuwa amewapatia wanawe wote wawili hirizi kutoka kwa mwalimu mmoja wa Kwahani, kila mmoja yake, katika vipande vya kaniki yake mwenyewe. Ya Matar ilipotea safarini. Soud aliongeza neno jingine siku ile ya Idd, lakini Matar alikuwa akimimina mchuzi, na neno hilo likampita.

Hirizi haifunguliwi. Ukiifungua umeivunja, na ukiivunja hujui umemfungulia mwenyewe mlango gani. Matar hata hakufikiria kuifungua. Aliifunga katika leso safi, akamwambia Lawrence ana homa, akaenda nyumbani, akapita sebuleni mara ishirini na saba. Ummukulthum alizihesabu.

"Kaa chini, bwana wee, unanitia kizunguzungu," akamwambia. "Kuna nini?"

"Soud," akasema Matar.

Ummukulthum akaweka mwiko chini.

Jumamosi Matar alipanda treni hadi Paddington, akashuka chini ya ardhi hadi Liverpool Street, akapanda nyingine hadi Ilford. Safari nzima alisimama ingawa viti vilikuwa vitupu. Jokha alimfungulia mlango akiwa na futi ya kupimia nguo shingoni na pini mbili mdomoni, akazitoa pini kumwamkia.

"Shikamoo shemegi. Mbona peke yako? Bi Ummukulthum hajambo?"

"Hajambo. Nimekuletea kitu." Akafungua leso.

Jokha alikichukua kile kifuko kwa ncha za vidole. Akakigeuza, akakigeuza tena. Akaenda nacho dirishani penye mwanga, akapitisha ukucha juu ya mshono, upande huu na upande huu, polepole, kama anavyokagua bitana ya koti kabla ya kuitoa. Matar akawa anaeleza, anajikanyaga: bunduki, kimlango cha shaba, Idd, maneno ya Soud. Kama hirizi yake imebaki katika bunduki, na bunduki imeuzwa kwa watu, basi mwenye bunduki... Hapo akakwama. Sentensi hiyo ilikuwa imemshinda miaka kumi na moja, na siku hiyo pia aliimaliza kwa kutazama zulia.

Jokha alipitisha ukucha juu ya mshono mara nyingine.

"Weye unasema ni yake?" akauliza hatimaye, bila kugeuka.

"Ni yake, shemegi. Nani mwengine?"

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akasema Jokha. Akavua bangili zake, moja baada ya moja, akazipanga juu ya cherehani. Kisha akafanya jambo ambalo Matar hakulielewa: akamrudishia hirizi. "Kaa nayo weye ndugu yake. Eda ikisha, tutaizika."

Jokha akaingia eda siku hiyohiyo. Miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, bila mafuta mazuri, bila kutoka nje ila kwa dharura. Kisomo kilisomwa nyumbani kwa Matar, watu wakajaa hadi kwenye ngazi penye vikombe. Indu, ambaye dini yake ilikuwa nyingine lakini Unguja aliishi na majirani waliokaa eda, hakuhitaji kuelezwa. Kila Jumatatu alimletea Jokha furushi la makoti nyumbani na kuondoka na yaliyokwisha. Wanawake waliokwenda kumpa mkono walirudi wakisema kwamba Jokha amenawiri. Hawakujua waliseme vipi, kwa sababu si jambo la kumwambia mfiwa, lakini ndivyo walivyomwona. Alikuwa analala. Anakula. Alilia siku tatu kilio kizuri cha sauti, ambacho alikuwa nacho kifuani tangu Unguja.

Aliyeharibika ni Matar. Alidhani akishasema tu atapata utulivu. Wapi! Sasa hata chai hakuianza. Ile hirizi aliitembeza mfukoni, akaihamisha kwenye aproni, akairudisha mfukoni, kila saa akiigusa kama mtu anayehofia kuibiwa. Hirizi ile ilikuwa na sababu moja tu ya kuaminiwa, nayo ni maneno yake yeye, na maneno yake yeye alikuwa anayajua thamani yake. Kaniki iko kila duka kutoka Lamu hadi Kilwa. Je, kama si yake? Amemvika mke wa mtu nguo nyeupe! Wazo hilo likija alichukua msasa na kusugua mbao kwa nguvu mpaka likapita. Likirudi, alisugua tena.

Ile bunduki ya mtu wa masharubu hakutaka kuigusa. Kila asubuhi aliiteremsha ukutani, akaitazama, akairudisha, akashika nyingine. Mei ikapita, Juni ikapita. Lawrence akakohoa. Julai akaacha kukohoa, akaiweka mwenyewe kwenye jiliwa mbele ya Matar, akaenda zake.

Basi Matar akaichonga. Na kwa kuwa aliamini ni ya Soud, au alitaka kuamini, aliichonga kuliko zote alizopata kuchonga. Mti wa jozi ulikuwa na mishipa mizuri ya rangi ya tende, akaifuata. Kwenye vijialmasi akaongeza pindo la kamba kama lile alilokuwa akizungushia milango ya mtaa wa Malindi, Unguja. Urefu wa kitako ulikuwa umeandikwa kwenye kadi ya mteja, lakini Matar hakuitazama kadi. Alipima kwa dhiraa, kama alivyofundishwa na baba yake. Unaegemeza kitako kwenye kiwiko kilichokunjwa, na kidole kinapaswa kufika kwenye kifyatulio. Ila mkono alioupimia haukuwa wa yule mteja, wala haukuwa wake. Kidole chake kilipofika, aliongeza inchi moja na robo, kwa maana Soud alikuwa na mikono mirefu, mama yao hakuwahi kumpatia kanzu iliyomtosha. Mkono wa Matar uliongeza wenyewe. Kichwa hakikuulizwa.

Katikati ya Agosti Lawrence aliitwaa ili aikague. Akaipachika begani, akanyoosha mkono, kidole hakikufika. Akatazama kadi, akatazama bunduki.

"Matar, umemtengenezea nani hii?"

Hakuuliza kwa ukali. Katika miaka saba Matar hakuwahi kukosea hata unene wa kucha. Na Matar, ambaye hakuwa amemwambia yule mzee habari yoyote ya nyumbani zaidi ya mvua na homa, akajikuta anasema yote. Ndugu. Usiku wa Januari. Hirizi. Shemeji aliyekaa ndani kwa nguo nyeupe. Lawrence alisikiliza huku akifuta mikono kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono. Alipokwisha kusikia akaenda kabatini, akatoa daftari kubwa la bunduki ambalo sheria inamtaka kila muuza bunduki aliweke, na jalada la karatasi za forodha.

Akatafuta namba iliyopigwa kwenye chuma. Akaipata. Akaipitishia kidole mara mbili.

"Imetoka Afrika ya Mashariki, hilo kweli," akasema. "Mombasa. Walifunga sanduku Novemba mwaka sitini na mbili, na halikufunguliwa mpaka liliponijia mimi." Akavua miwani. "Ndugu yako alipotea lini, umesema?"

Matar akahesabu kwa vidole. Mwaka sitini na mbili. Na Idd ile ilikuwa ya sitini na tatu, hirizi ya Soud ikiwa kwenye bunduki iliyokuwa bado mkononi mwake. Hapo ndipo lile neno lililompita wakati akimimina mchuzi likamrudia zima, na sauti ya Soud yenyewe, mdomo umejaa nyama: "Si mie peke yangu, kaka. Askari wa kwetu wote twafanya hivi."

Alitoa hirizi mfukoni. Akachukua patasi yake ndogo kuliko zote, ile ya kuchongea mishipa ya majani, akasema bismillahi, akakata uzi. Ndani mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nane, imekuwa ya njano kwa mafuta, lakini wino wa zafarani ulikuwa unasomeka. Aya, viboksi vya namba, aya tena. Na chini, kama walimu wanavyoandika, jina la anayekingwa na jina la mama aliyemzaa: Vuai, mwana wa Mwatima.

Alimaliza kazi yake kwanza. Hakuna aliyemlazimisha. Lawrence alimwambia nenda nyumbani, lakini Matar aliiweka ile bunduki kwenye jiliwa, akapima inchi moja na robo kwa rula, akakata. Kipande kikaanguka juu ya maranda. Akapiga msasa pale alipokata, akapaka mafuta, akaitundika ikauke, bunduki nzuri sana ya kuwindia, ya mtu mfupi mwenye masharubu.

Usiseme Matar alikuwa mwoga, maana kesho yake alikwenda Ilford. Sema tu kwamba Paddington aliiacha treni ikapita, na Liverpool Street akaziacha mbili. Alikuwa akitunga maneno. Maneno ya kumwambia mwanamke kwamba siku zake mia na kumi na tisa za eda amemkalia mume wa mtu mwingine, na kwamba yeye, Matar, ndiye aliyemkalisha. Kila alilolitunga lilianza na samahani na kuishia na inshallah. Akachoka nayo, akapanda.

Jokha alikuwa kwenye cherehani, nguo nyeupe, bitana nyeusi imemfunika magoti. Matar alibaki mlangoni. Hakukaribishwa kiti kwa sababu Jokha alijua hatakikalia.

"Zimebaki siku tisa," Jokha akasema. "Nilikuwa nawaza tuizike wapi ile. Wanasema kuna makaburi ya Waislamu huko—"

"Si yake."

Cherehani ikasimama.

"Si yake, shemegi. Nimeifungua. Ni ya mtu anaitwa Vuai, mama yake Mwatima. Simjui. Bunduki iliondoka Mombasa Soud bado yuko hai, bado... Mie nimekudanganya. Sikukusudia, wallahi, lakini nimekudanganya." Akaitoa ile karatasi na vile vipande vya kaniki, akanyoosha mkono, akaona aibu, akaurudisha. "Nimekuvika nguo hizi bure."

Alingoja kilio. Alingoja matusi, na aliyataka. Jokha aliitoa bitana magotini, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza.

"N'najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Kama si yake. N'najua tangu siku ile." Akamtazama, na macho yake hayakuwa na hasira. "Mama yenu, Mungu amrehemu, mwaka ule Soud anaingia polisi macho yalikuwa yashafumba. Mtoto wa jicho. Sindano alikuwa haioni, uzi ndo kabisa. Ile ya kwako kaishona mwenyewe, zamani. Ya Soud niliishona mie. Alinambia nisiseme, maana ilitakiwa mkono wa mama. Nimeishona kwa uzi wa kijani, mshono wa kurudia, na pembeni nimefunga mafundo mawili. Hii uliyoniletea ina uzi mwekundu na imepigwa bandi kama gunia." Akasita. "Yule Mwatima hakuwa mshonaji."

Matar alishika mwimo wa mlango. Akaona tena ule ukucha ukipita juu ya mshono, dirishani, upande huu na upande huu.

"Sasa kwa nini? Kwa nini ukakaa eda, Jokha? Kwa nini hukunambia?"

"Kwa sababu ulikuja kunambia." Sauti yake ilianza kupanda, na hapo ndipo Matar aliposikia ile miaka. "Kumi na moja, shemegi! Miaka kumi na moja nawauliza, nanyi nyote inshallah. Mama inshallah, weye inshallah, mkeo inshallah na sahani ya biriani. Mie najua Soud kafa. Nimejua tangu asubuhi ile, mlango haukugongwa. Lakini nitakaaje eda peke yangu, watu wakisema huyu kamchoka mumewe? Nilikuwa namngoja mtu mmoja tu wa damu yake aje asimame hapo uliposimama, anambie. Ukaja. Ukaja na kaniki ya watu, lakini ulikuja. Nikasema, basi, Mungu kanipa hii, nitaichukua."

Matar alibaki palepale mlangoni. Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi hakuwa na haja ya kwenda dirishani.

"Lakini weye hukusema," Jokha akaendelea, sasa taratibu. "Siku ile ulisema bunduki, ukasema hirizi, ukasema ni yake. Lile neno hukulisema. Na mie nikakuachia." Akasimama, akavuta ushungi wake vizuri, akamkabili. "Sasa hirizi hakuna. N'ambie hivihivi."

Barabarani lilipita basi, madirisha yakatikisika. Matar alilitafuta lile neno. Lilikuwa palepale lilipokuwa siku zote, halikusogea hata shibiri, yeye ndiye aliyekuwa akilizunguka. Alifikiria mikono mirefu ya Soud na kanzu zilizomwishia kwenye viwiko. Akavua kofia yake, sijui kwa nini, na hata yeye hakujua.

"Soud amekufa," akasema. "Mdogo wangu amekufa, Jokha. Usiku uleule. Hatarudi."

Na Matar bin Khelef, fundi wa Malindi na wa Hayes, akakaa chini pale kwenye kizingiti, akalia mpaka akamaliza. Jokha hakumnyamazisha. Alichota maji kwenye glasi, akamwekea karibu, akarudi kwenye kiti chake. Karatasi ya Vuai mwana wa Mwatima aliichukua kutoka mkononi mwake, akaikunja kwa mikunjo yake ileile minane, akaitia ndani ya kipande cha bitana, akaanza kuishona upya kwa mshono wa kurudia, kwa sababu nayo ina mwenyewe mahali fulani.

Ukutani palikuwa na kalenda yenye siku mia na kumi na tisa zilizokatwa kwa penseli. Aliposhona fundo la mwisho aliinuka, akaiteremsha, akaigeuza uso chini juu ya meza.

"Ukirudi pita kwa Indu, shemegi," akasema. "Mwambie makoti aendelee kuniletea hapahapa. Leo ndiyo siku ya kwanza ya eda."